Koleo Lilivunjika Wapi?

Kutoka Sakania, mpakani na Zambia, hadi Lubumbashi, msafiri hupita katika nchi ya shaba, ambako watu walikuwa wakiyeyusha madini karne nyingi kabla ya reli na makampuni ya Wabelgiji. Huku, methali isemayo kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi haihitaji ufafanuzi. Tatizo ni kwamba tunaitumia kufariji tu. Mhunzi hajifunzi kwa sababu koleo limevunjika. Hujifunza akiligeuza mkononi na kutazama limevunjikia wapi. Tout Puissant Mazembe, timu ya soka ya Lubumbashi, ni mfano mzuri.

Mwaka 2009 Mazembe ilitwaa ubingwa wa Afrika baada ya miaka 41, ikaenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Klabu. Dhidi ya Pohang Steelers ya Korea Kusini, Mbenza Bedi alifunga kwanza. Kipindi cha pili Wakorea wakarudisha, wakaongeza, mchezo ukaisha 2-1. Mechi iliyofuata Mazembe ikafungwa 3-2 na Auckland City ya New Zealand. Ikamaliza ya sita kati ya timu saba.

Tazama hesabu hiyo. Katika mechi mbili Kunguru, kama Mazembe inavyoitwa, walifunga mabao matatu, wakafungwa matano. Kufunga walijua. Koleo lilivunjikia kwenye ulinzi.

Ili kurudi Abu Dhabi, ilibidi kwanza watwae Afrika upya. Walifanya hivyo mwaka 2010 kwa kuifunga Espérance ya Tunis 5-0 Lubumbashi, kisha sare ya 1-1 ugenini. Nahodha wao, Trésor Mputu, alikuwa amefungiwa na FIFA. Hata hivyo, kule Abu Dhabi, dhidi ya Pachuca ya Mexico, Bedi yuleyule alifunga tena kipindi cha kwanza, na safari hii bao hilo moja likalindwa hadi mwisho. Kisha Internacional ya Brazil ikafungwa 2-0. Mechi mbili, na kipa Robert Kidiaba hakuruhusu hata bao moja. Mazembe ikawa timu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika Kusini kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Inter Milan iliwafunga 3-0, lakini kutoka nafasi ya sita hadi ya pili ndani ya mwaka mmoja si jambo dogo.

Si kila koleo huvunjikia uwanjani. Mwaka 2011 Simba ya Tanzania ilikata rufaa kwamba Mazembe ilimchezesha Janvier Besala Bokungu asiyestahili, na CAF ikaiondoa katika mashindano ya ubingwa wa Afrika. Kosa hilo lilikuwa la makaratasi, na mazoezi ya mpira hayatibu kosa la makaratasi. Hata hivyo, ubingwa wa Afrika ulirudi Lubumbashi mwaka 2015.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Sakania aliyeanguka mtihani wa taifa, au mama aliyepoteza mtaji sokoni, asianze kwa kujiuliza kama ana moyo wa kutosha. Aanze kwa kutafuta pale alipokuwa akiongoza, na kilichotokea baada ya hapo. Akishapajua, moyo utakuwa na kazi ya kufanya: kumrudisha palepale alipofungwa.