Kuwamba Banjo: Kazi ya Mikono na Msamiati Wake

Banjo ya bei rahisi huuzwa kwa ajili ya kupigwa, lakini kwa mwanafunzi yafaa kwanza ifunguliwe. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi chombo cha namna hiyo kinavyoweza kurekebishwa kwa vitu vipatikanavyo pwani ya Ziwa Tanganyika, penye Kigoma na Ujiji, na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo yaweza kutajwa kwa Kiswahili tulicho nacho. Jambo hili la pili si dogo. Neno lisilotumiwa na fundi hubaki kamusini, na fundi asiyepewa neno hukopa.

Banjo ilikuzwa Marekani na visiwa vya Karibi na Waafrika waliopelekwa utumwani, kwa kufuata vyombo vya Afrika ya Magharibi vya kibuyu na ngozi. Akonting ya Wajola wa Senegambia ni mmojawapo wa jamaa zake walio hai. Kwetu Afrika ya Mashariki, gambusi ya pwani nayo ina uso wa ngozi, lakini asili yake ni Yemeni. Na zeze la ubao na kibuyu lina njia yake mbali. Kufanana kwa vyombo si ushahidi wa udugu, na mtafiti hana budi kulikumbuka hilo.

Kazi huanza katika uso. Ngozi ya ngoma huwambwa, na kitu kilichowambwa huitwa kiwambo. Kitenzi hicho hicho hutumika kwa kitanda cha kamba, na nomino kiwambaza imo katika ukoo huo. Maana ya msingi, basi, ni kutandaza na kukaza juu ya kitu kilicho wazi. Banjo nyingi za siku hizi zina kiwambo cha plastiki, kilichoenea tangu miaka ya 1950. Mwanafunzi aweza kukiondoa na kuwamba ngozi ya mbuzi iliyolowekwa, kisha aiache ikauke polepole kivulini. Ndoano za kukazia zisifuatwe kwa kuzunguka duara. Huanzwa moja, ikafuatwa na iliyoikabili ng'ambo, ili mvuto uwe sawa pande zote. Lakini ngozi hunyonya unyevu. Katika miezi ya mvua, kiwambo hulegea na sauti huzama, na mpigaji hulazimika kukikaza tena.

Hatua ya pili ni kipande cha mti kibebacho nyuzi juu ya kiwambo, nacho tukiite daraja. Hakikugandishwa, mvuto wa nyuzi ndio unaokishika. Umbali kutoka mwanzo wa uzi, kwenye ncha ya shingo, hadi freti ya 12 uwe karibu sawa na umbali kutoka freti hiyo hadi daraja. Kama wa kwanza ni sentimita 33, urefu wote utakuwa 66. Kwa kuwa kuubonyeza uzi huukaza, daraja husogezwa nyuma kidogo mpaka sauti zipatane. Freti zenyewe hufuata kanuni moja: kila moja hukata sehemu moja ya 17.817 ya urefu uliobaki. Katika banjo hiyo, freti ya kwanza huwa sentimita 3.7 kutoka mwanzo, na ya pili sentimita 3.5 mbele yake.

Tatu ni nyuzi. Uzi wa naironi wa kuvulia samaki waweza kushika mahali pa chuma. Chuma ni kizito karibu mara 7 kuliko naironi ya ujazo ule ule. Kwa hiyo uzi wa naironi hauna budi kuwa mnene zaidi, na vijia vyake hupanuliwa kwa tupa ndogo. Kinyume chake ni hatari: kupandisha uzi oktava nzima, bila kubadili urefu wala unene, hutaka mvuto mara 4, na shingo dhaifu hupinda au huvunjika. Anayetaka kurudi karibu na banjo za kale aweza pia kuzing'oa freti, kwani nyingi za zamani hazikuwa nazo.

Msomaji ataona kwamba katika kazi yote hii tumekopa maneno machache tu, kama freti, plastiki na naironi. Kuwamba, kukaza, kulegeza, kijia na ndoano vilikuwapo. Tena inanga ya Warundi, majirani wa Kigoma, hufungwa kwa uzi mmoja mrefu unaopitishwa huku na huku juu ya mti uliochongwa, kama mtu awambaye kitanda. Anayetunga istilahi za muziki mezani pake angefaidika kumwuliza kwanza mwamba ngoma anaiitaje kazi yake. Aghalabu atalikuta neno analolitafuta, nalo limekwisha kujaribiwa kwa mikono.