Neno la Uingereza Katika Njia ya Misafara

Magazeti ya ng'ambo yamezoea kuieleza habari ya Uingereza kujitoa katika Umoja wa Ulaya kana kwamba ni ugomvi wa nyumbani kwao, usiomhusu mkulima wa tumbaku wa Urambo wala mrina asali wa Sikonge. Sisi hatukubaliani na maelezo hayo. Kura iliyopigwa Uingereza tarehe 23 Juni 2016 haikuchukua muda kutufikia. Mwezi Julai wa mwaka huo huo Serikali yetu ilitangaza kwamba haitatia saini Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi baina ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, ule unaojulikana zaidi kwa jina la EPA, na msukosuko huo wa Uingereza ukatajwa kuwa mojawapo ya sababu. Kwa hiyo tunayo haki ya kulizungumza jambo hili, tena tulizungumze kwa jicho la watu wa Tabora, ambao neno la Uingereza wamelijua kwa zaidi ya miaka mia.

Tuanze na Waingereza wenyewe. Mwaka 1975 waliulizwa kama wabaki katika Soko la Pamoja la Ulaya, na asilimia 67 ya waliopiga kura walikubali. Mwaka 2016 waliulizwa tena, na asilimia 51.9 wakaamua kutoka. Katika kampeni ya mara ya pili, wanasiasa waliotaka kutoka walizunguka na basi lililoandikwa kwamba nchi hiyo inaipelekea Ulaya pauni milioni 350 kila wiki, fedha ambazo zingefaa zitumike kwa matibabu ya wananchi. Mamlaka ya takwimu ya nchi hiyo ilionya kwamba hesabu ile inapotosha, lakini basi liliendelea kuzunguka. Kati ya 2016 na 2022 Uingereza ilikuwa na mawaziri wakuu watano. Septemba 2019 mahakama yao ya juu kabisa iliamua kwamba Serikali ilikuwa imelisimamisha Bunge kinyume cha sheria. Septemba 2020 waziri wa serikali hiyo alisimama Bungeni akakiri kwamba muswada waliouleta ungevunja sheria ya kimataifa, ingawa, kwa maelezo yake, kwa kiasi kidogo na mahali maalumu. Mkataba wenyewe uliokuwa ukivunjwa wino wake ulikuwa haujatimiza mwaka.

Raia wa Uingereza waliopoteza imani na serikali yao wanazo sababu zao, nao ni juu yao kuzimaliza. Sisi tunazo zetu, na ni za zamani zaidi.

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba. Ujerumani ilipata kisiwa kidogo cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Uingereza ilikubaliwa kuiweka Zanzibar chini ya himaya yake, na mipaka ya maeneo ya wakubwa hao ikachorwa bara hata kufika kwenye Maziwa Makuu. Njia yote ya misafara, kutoka Bagamoyo kupita Ugogo, kuingia Unyanyembe na kuishia Ujiji, ikabaki upande wa Mjerumani. Isike, mtemi wa Unyanyembe, hakuulizwa. Alipigana na Wajerumani, na Januari 1893, boma lake lilipoingiwa, alichagua kufa humo kuliko kukamatwa. Twafahamu kwamba vitabu vingi vya safari vinasimulia kwa kirefu tembe la Kwihara alilokaa Livingstone mwaka 1872. Boma la Isike husimuliwa kwa mistari michache.

Ikaja vita kuu ya kwanza. Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo, ambalo askari wake wengi walikuwa Waafrika, liliingia Tabora na kuitwaa kwa Mjerumani. Wakubwa waliposhinda vita walikaa tena mezani. Mwaka 1919 Uingereza na Ubelgiji zilipatana: Ruanda na Urundi zichukuliwe na Ubelgiji, na Tabora pamoja na sehemu kubwa ya nchi iliyobaki iwe ya Uingereza. Ubelgiji ilitaka pia njia ya kupitishia mali ya Kongo hadi baharini. Ndipo mwaka 1921 Uingereza ikaikodisha sehemu katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam, zile zilizojulikana kwa jina la Belbase. Kodi yake ilikuwa faranga moja kwa mwaka, na muda wake ulikuwa milele.

Msomaji asidhani tumekosea kuandika. Faranga moja, milele. Na reli iliyounganisha bandari hizo mbili, yaani reli ya kati iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilijengwa kwa jasho la watu wetu juu ya njia ile ile waliyoikanyaga wapagazi wa Kinyamwezi. Aliyepita chuoni anajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo katika sura ya Al-Baqara, inaamrisha deni liandikwe na mashahidi wawekwe. Hati iliwekwa ili kumlinda mnyonge asidhulumiwe. Katika hati ya 1921 mnyonge ndiye aliyekuwa bidhaa. Mwalimu Nyerere alilimaliza shauri hili mwaka 1961, kabla hata bendera haijapandishwa, alipotamka kwamba Tanganyika huru haitafungwa na ukodishaji wa milele. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: Uingereza ilikuwa imekabidhiwa nchi hii kwa amana, na mwenye amana hawezi kutoa kwa milele kitu ambacho yeye mwenyewe amekishika kwa muda.

Mpango wa karanga tutautaja kwa ufupi, maana wazee wa Urambo wanaujua kuliko sisi. Baada ya vita kuu ya pili Waingereza walikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1947 serikali yao ilianza kufyeka pori la Tanganyika, Kongwa kwanza, kisha Urambo na Nachingwea, kwa azma ya kulima ekari zaidi ya milioni 3. Matrekta mengine yalitengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Ardhi ilikuwa ngumu, mvua ikawa haba, na watu wa nchi hawakushauriwa. Januari 1951 mpango ulifutwa, na takriban pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zikapotea. Hapo, kwa mara moja, Mwingereza wa kawaida na Mnyamwezi wa Urambo walikuwa na malalamiko ya namna moja dhidi ya serikali moja. Tumbaku iliyoizoesha Urambo jina lake la leo ilifuata baada ya karanga kushindwa.

Lakini jambo kubwa zaidi ambalo Tabora inaweza kulifundisha taifa kuhusu neno la Uingereza lilitendeka Januari 1958. Wajumbe wa TANU walikutana hapa kuamua kama Chama kishiriki katika uchaguzi uliopangwa na serikali ya kikoloni. Uchaguzi huo ulikuwa wa kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Juu ya hayo kulikuwa na masharti ya mapato, elimu au cheo yaliyowafungia nje wananchi wengi. Maana yake ilikuwa kwamba Waafrika, waliokuwa takriban nchi nzima, wahesabiwe sawa na jamii mbili ndogo, tena Waafrika wenyewe waithibitishe hesabu hiyo kwa kura zao. Gavana Twining alikuwa ameipinga TANU waziwazi. Ni nani angewalaumu wajumbe waliofika Tabora wakiwa wameazimia kususia?

Mwalimu aliwashawishi wasisusie. Majadiliano yalikuwa makali, na uamuzi uliotoka ukapewa jina ambalo limekaa mpaka leo: Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alijitoa akaanzisha chama chake cha African National Congress. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na wagombea waliokuwa wa TANU au walioungwa mkono nayo wakashinda. Waasia na Wazungu walioingia Barazani waliingia kwa kura za TANU, na hila ya kura tatu ikamgeukia aliyeitunga.

Hatupendi desturi ya kumsimulia Mtemvu kama mtu asiye na akili. Mashaka yake juu ya Uingereza yalikuwa ya haki, na waliobaki ukumbini walikuwa nayo vile vile. Tofauti ni kwamba waliobaki hawakuridhika na mashaka peke yake. Walikaa wakahesabu: wapiga kura wetu ni wangapi, wako majimbo gani, tutamwunga mkono nani katika viti vya Wazungu na Waasia, na tukishinda Mwingereza atabakiwa na hoja gani. Hawakumwamini hata kidogo, nao waliingia.

Tarehe 15 Desemba 1965 hesabu ilitoa jibu jingine. Uingereza ilikuwa imeshindwa kuwadhibiti walowezi waasi wa Rhodesia, nasi tukavunja uhusiano wa kibalozi kama Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulivyoamua. Mkopo wa pauni milioni 7.5 ulizuiliwa. Uhusiano ulirudishwa mwaka 1968. Gharama ile ilijulikana mapema na ikakubaliwa.

Sasa turudi kwenye EPA. Majadiliano yake yalikamilika Oktoba 2014. Jumuiya yetu ilitakiwa kufungua soko kwa asilimia 82.6 ya bidhaa zitokazo Ulaya, hatua kwa hatua katika miaka 25. Kenya na Rwanda zilitia saini Septemba 2016. Rais mstaafu Benjamin Mkapa aliupinga mkataba huo kwa maandishi, akieleza hatari yake kwa viwanda vichanga, na Novemba 2016 Bunge letu liliishauri Serikali isiutie saini. Kenya, ambayo maua yake yangetozwa ushuru bila mkataba, ilijiendea peke yake: ilipatana na Uingereza Desemba 2020, na mkataba wake na Ulaya ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024.

Tuliuunga mkono uamuzi wa Bunge na tungali tunauunga mkono. Hata hivyo lazima tuseme ukweli kwamba kukataa kulikuwa rahisi. Tanzania, kwa kuhesabiwa na Umoja wa Mataifa miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni kabisa, inaingiza karibu bidhaa zake zote Ulaya bila ushuru, na Uingereza inatoa nafasi kama hiyo kwa utaratibu wake wenyewe ulioanza kutumika mwaka 2023. Mlango uko wazi kwa sababu ya umaskini wetu, wala hatukulipa chochote kwa kusema hapana. Je, miaka hiyo ya nafuu tumeitumiaje? Viwanda vichanga tulivyosema tunavilinda, ni vingapi viko Tabora? Sehemu kubwa ya tumbaku yetu bado inauzwa nje ikiwa majani.

Na nafuu hiyo ina mwisho. Mwaka 2024 kamati ya Umoja wa Mataifa ilieleza kwamba Tanzania imetimiza kwa mara ya kwanza vigezo vya kutoka katika kundi hilo. Mapitio yanayofuata ni ya mwaka 2027. Ikipendekezwa itoke, itapewa miaka kadhaa ya kujiandaa, kisha tutaitwa mezani: na Brussels upande mmoja, na London upande wa pili, kila mmoja na karatasi yake. Siku hiyo kusema tu kwamba hatumwamini Mwingereza hakutamfaa mrina asali hata kidogo.

Tunachokidai kwa Chama na Serikali ni kwamba kazi ya hesabu ianze sasa. Rasimu yoyote itakayoletwa ichapwe kwa Kiswahili kabla ya kujadiliwa, pamoja na jedwali la bidhaa na ushuru wake. Nakala zipelekwe kwanza katika vyama vya msingi vya ushirika vya Urambo, Kaliua na Sikonge, kabla ya msimu wa masoko, wakati wakulima wangali wana nafasi ya kukaa na kusomewa.