Tangi la petroli na tumbo la boti

Boti ya faiba ililetwa karakanani kwangu ikinuka petroli. Mwenyewe alikuwa ameshabadilisha mpira wa mafuta, harufu haikuondoka. Nilipong'oa ubao wa sakafu, ikanipiga usoni. Tangi la alumini lilikuwa limelazwa juu ya kipande cha zulia. Tukaligeuza: upande wa chini umejaa vishimo vyenye ungaunga mweupe, na kimoja kikidondosha, tone baada ya tone. Zulia lilikuwa limenywa maji ya chumvi na kuyashikilia palepale, miaka yote, mpaka alumini ikalika.

Tangi la gari likivuja, mvuke hushuka barabarani, upepo ukauchukua. Boti haina tundu la kuupitishia. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo hutiririka hadi kwenye ngama, tumbo la chini la boti, na kutuama humo, kwenye nyaya, pampu ya maji na mara nyingi betri. Hewa ikichanganyika na mvuke wa asilimia 1.4 tu, cheche moja yatosha. Dizeli sharti ipashwe moto kupita nyuzi 50 ndipo itoe mvuke wa kuwaka. Petroli hutoa hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwa joto la pwani yetu, iko tayari saa zote.

Ndiyo maana nalikalisha tangi juu ya vipande vya plastiki ngumu isiyonywa maji, nimevigandisha kabisa ili maji yasipenye kati, na hewa ipite chini yake. Kisha mikanda, iliyofungwa kwenye mataruma, si kwenye sakafu. Lita 100 za petroli zina uzito wa kilo 74 hivi, na kila wimbi boti inapopiga, uzito huo unaruka. Shaba isiguse alumini. Zikikutana kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa.

Mipira yote itokee juu ya tangi. Ukitoboa chini, siku mpira utakapokatika mafuta yote yataishia kwenye ngama. Mpira wa kupumulia utoke nje ya ubavu, juu kuliko maji yanavyorukia, mdomo wake ukiwa na wavu wa kuzuia moto. Shingo ya kujazia ifungwe klipu mbili kila ncha, na chuma chake kiunganishwe kwa waya na tangi hadi kwenye waya wa ardhi wa boti, kwa sababu petroli ikipita kwenye mpira huzaa umeme tuli. Kwa sababu hiyohiyo, dumu au tangi la kubeba lishushwe mchangani kabla ya kujazwa. Najua wavuvi wengi hujaza humohumo chomboni, alfajiri, wakiwahi maji. Naomba waache.

Kabla ya kufunika sakafu, jaza tangi upepo wa pauni 3 kwa inchi ya mraba, kama sehemu ya kumi ya ule wa tairi la gari dogo, upake povu la sabuni kila kiungo. Usilijaze mafuta hadi pomoni: petroli iliyotoka kituoni ikiwa baridi hutanuka juani, acha nafasi ya asilimia 5. Na kila ukimaliza kujaza, fungua kifuniko cha ngama, inama, unuse, ndipo uguse ufunguo.