Tusiuze Taa Tusizoweza Kuiwasha Chumbani kwa Watoto Wetu

Siku hizi vikundi vingi vya akina mama makanisani havisuki mikeka na vikapu peke yake. Vingine vimeanza kutengeneza taa za mezani, na si ajabu. Ukili tunao, vibuyu tunavyo, na kusuka tumerithi kwa mama zetu. Kikapu kilekile kikigeuzwa kuwa kifuniko cha taa hupata bei nzuri zaidi katika nyumba za wageni. Lakini tukumbuke jambo moja: kikapu kibovu humtia mnunuzi hasara, taa mbovu yaweza kumtia msiba.

Katika makala haya tungependa kuwashirikisha akina mama wenzetu mambo tuliyojifunza katika kikundi chetu cha usharika, hapa Dar es Salaam, tulipopata oda ya taa 40. Ukili na vibuyu havikutusumbua. Kazi ilikuwa kupata holda, yaani kile kishikio kinachoingizwa balbu, pamoja na waya wake.

Kwa nini zilizokwisha kufungwa waya?

Taa ya mezani ina holda, waya, swichi na plagi. Mahali pote hapo waya hukazwa kwa skrubu. Hesabu yake ni hii: sehemu mbili kwenye holda, mbili kwenye swichi, mbili kwenye plagi. Taa moja ina sehemu sita za kukaza, na taa 40 zina sehemu 240. Mojawapo ikilegea, hapo hutokea joto na cheche. Kati yetu hakuna aliyesomea umeme, na kumlipa fundi afunge zote moja moja kungekula faida yote.

Basi tuliamua kutafuta seti zilizokwisha kufungwa. Katika maduka ya vifaa vya umeme ya Kariakoo huuzwa holda yenye waya, swichi na plagi yake tayari, kwa dazeni au kwa katoni. Kabla ya kuamua, andikeni hesabu mbili kwenye daftari. Kwanza jumlisheni bei ya holda, waya, swichi, plagi na ufundi. Kisha wekeni kando yake bei ya seti kwa jumla, pamoja na nauli. Msiamue kwa kusikia, amueni kwa hesabu.

Jua unachotaka kabla ya kuingia dukani

Mwenye duka akiuliza, "Mama, unataka ya namna gani?" jibu liwe tayari. Balbu zetu ni za aina mbili: za pini, zenye alama B22, na za kuzungusha, zenye alama E27. Namba hiyo ni upana kwa milimita. Chagueni aina moja tu kwa oda nzima, ili mteja asihangaike kutafuta balbu.

Angalieni pia kwamba seti imeandikwa inafaa kwa umeme wa volti 230, maana ndio wa nchi yetu. Waya usiwe mwembamba kuliko milimita za mraba 0.75. Urefu wa mita 2 hutosha kutoka mezani hadi ukutani, na waya mfupi huwafanya watu waunganishe vipande. Holda ikiwa ya plastiki, na taa haina chuma, nyaya mbili zatosha: wa kahawia ambao ni wa moto, na wa buluu ambao ni nyutro. Lakini holda au mguu wa taa ukiwa wa chuma, lazima uwepo waya wa tatu, wa kijani na njano, ambao ni wa ethi.

Omba moja ya mfano, uifungue

Alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, ni jambo la kwanza kutazama, lakini macho yasiishie kwenye boksi. Sisi tulikwenda na fundi mwenye leseni, tukamlipa siku yake moja. Katika duka la kwanza tulinunua seti moja tu. Mweka hazina wetu akashika holda kwa mkono mmoja na waya kwa mkono wa pili, akavuta kama mtoto anavyovuta. Waya ukatoka.

"Mama, hizi tunauza kila siku, hakuna aliyelalamika," kijana akasema.

"Mwanangu," akajibu, "aliyepigwa na umeme hutamwona akirudi kulalamika."

Tukamshukuru, tukaondoka. Holda nzuri ina kibano ndani kinachoshika ganda la waya, ili skrubu zisibebe uzito wote. Fundi wetu alitufundisha vipimo vingine viwili.

Cha kwanza, kwangua uzi mmoja wa waya kwa kisu. Shaba ni nyekundu mpaka ndani. Ukiona weupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Hupitisha umeme vibaya kuliko shaba, na hukatika upesi ukikunjwa mara kwa mara.

Cha pili ni kwa holda za kuzungusha. Waya wa moto lazima uende kwenye kile kidoa cha katikati, chini kabisa ya holda, na nyutro iende kwenye mzunguko wa chuma. Zikigeuzwa, balbu huwaka vilevile, wala hutatambua kosa. Lakini mama anayebadilisha balbu bila kuchomoa plagi aweza kugusa chuma chenye moto. Fundi hupima jambo hilo kwa testa ya kulia, taa ikiwa haijachomekwa, kwa dakika moja tu.

Fyuzi na balbu

Plagi nyingi za miguu mitatu huuzwa zikiwa na fyuzi ya ampea 13. Waya wa 0.75 hubeba ampea 6 tu. Maana yake ni kwamba hitilafu ikitokea waya waweza kuungua kabla fyuzi haijakatika. Badilisheni, mtie ya ampea 3, ambayo kwa taa ya mezani inazidi kutosha.

Na kwa kuwa ukili mkavu hushika moto upesi, taa za namna hii zisitumiwe balbu za zamani za wati 60, ambazo sehemu kubwa ya umeme wake hugeuka joto. Balbu ya LED ya wati 9 hivi hutoa mwanga kama huo na joto kidogo mno. Sisi tulibandika karatasi ndani ya kila kifuniko: "Balbu ya LED tu."

Makubaliano yawe kwa maandishi

Duka la tatu ndilo tuliloridhika nalo. Tuliagiza seti 44, nne zikiwa za akiba. Kwenye risiti tuliomba yaandikwe aina ya holda, urefu wa waya, idadi, na kwamba mbovu zitabadilishwa ndani ya siku 14. Tulilipa nusu, nusu nyingine tulipochukua mzigo. Siku iliyofuata tulipima zote, moja baada ya nyingine. Tatu hazikufaa. Tukazirudisha na risiti yetu, tukapewa nyingine bila maneno.

Faida ndogo, dhamiri safi

Hatutaficha kwamba seti hizo zilikuwa ghali kuliko zile za duka la kwanza. Baadhi ya wenzetu walinung'unika, maana fedha ile ilikusudiwa ada za shule. Mama mmoja mzee wa kikundi akatukumbusha Kumbukumbu la Torati 22:8, ambapo Mungu anamwagiza ajengaye nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Mungu hakumwachia mgeni ajiangalie mwenyewe. Alimtaka mjenzi aangalie kwanza.

Baada ya hapo hakuna aliyebisha. Tulipunguza gharama mahali pengine: tulisuka ukili wenyewe badala ya kununua uliosukwa, na tukagawana gari na kikundi jirani.

Akina mama wenzetu, kama mna mradi wa namna hii, kabla taa haijafungwa kwenye karatasi ya mteja, kila mmoja ajiulize: hii ningeiwasha usiku chumbani kwa watoto wangu, nami nikaenda kulala? Kama jibu ni hapana, basi taa hiyo haijawa tayari kuuzwa.