Fahamu: Si kila mkojo unaochoma ni UTI

Mkojo ukichoma, wengi Kibaha na Kisarawe hukimbilia duka la dawa. Pima kwanza. UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, husababishwa hasa na bakteria wa utumbo, E. coli, na huwapata zaidi wanawake kwa sababu mrija wao wa mkojo ni mfupi. Mkojo wenye damu huenda ukawa dalili ya kichocho, chenye dawa yake tofauti, praziquantel.

Ukiwa maabara, acha mkojo wa mwanzo upite, kinga wa katikati. Ukiandikiwa antibayotiki, maliza dozi, usimgawie jirani.

Una homa, maumivu ya kiuno au ni mjamzito? Wahi hospitali: Tumbi kwa Kibaha, ya wilaya kwa Kisarawe.

Kila siku kunywa maji ya kutosha, usibane mkojo, na jitawaze kutoka mbele kwenda nyuma.