Siri ya Chambo Bandia Iko Kwenye Mkato wa Kichwa

Katika Mkondo wa Pemba kilindi huanza karibu na pwani. Ndiyo maana msimu wa kaskazi mashua za Shimoni hazihitaji kwenda mbali kurambaza, yaani kuburura mishipi nyuma ya chombo kinachokwenda, zikiwasaka nduaro, mbasi na jodari. Vyambo bandia vinavyotumika vingi huagizwa ng'ambo kwa bei kubwa. Lakini fundi mwenye subira anaweza kutengeneza chake nyumbani, mradi aelewe kazi ya kichwa.

Huko Kona, Hawaii, nahodha Henry Chee hutajwa miongoni mwa waliotangulia kumimina resini kwenye bilauri ili kupata vichwa vya vyambo. Jambo kubwa waliloligundua mabaharia wa kule ni mkato wa uso wa kichwa hicho.

Uso ukikatwa mshazari, maji hayaupigi sawasawa. Husukuma kichwa upande mmoja, nacho huzama. Mshipi unaotoka juu, kwenye ncha ya fimbo, hukivuta tena hadi usoni mwa bahari. Hapo hunasa hewa, kikazama nayo, na kuacha nyuma mkia mrefu wa povu. Kisha hupanda tena. Povu hilo hung'aa kwa kutawanya mwanga, na viputo vyake hutoa sauti vinapoundwa. Nduaro aliye chini huona na kusikia kitu kinachokimbia.

Mwendo nao una hesabu yake. Nguvu ya maji hukua kwa mraba wa kasi: ukitoka noti 6 hadi noti 9, kichwa hicho hicho husukumwa kwa nguvu zaidi ya maradufu. Kwa hiyo mshazari unaofaa kwa mwendo wa pole hukifanya chambo kiruke hovyo au kijiviringishe na kusokota uzi mashua ikikaza mwendo. Dawa yake ni tundu la uzi lipite juu kidogo ya kitovu, na kipande cha risasi kizikwe chini yake, ili uzito ukizuie kichwa kupinduka.

Resini yenyewe inataka heshima. Ikichanganywa na dawa ya kugandisha hutoa joto, na donge nene haliwezi kulipoza haraka, hivyo hupasuka. Mimina kwa matabaka, uache kila tabaka lishike. Fanya kazi hiyo nje, kwenye upepo, ukiwa umevaa barakoa ya kuzuia mvuke wa kemikali na glavu, kwani mvuke wake hudhuru mapafu. Asiye na resini achonge mti mgumu, asugue kwa msasa na kupaka vanishi. Kwa mkia, nyuzi za kamba ya nailoni iliyofumuliwa zinatosha kuiga ngisi.

Kuhusu rangi, naona wavuvi wengi huipa umuhimu kupita kiasi. Maji humeza mwanga mwekundu kwanza, na samaki anayetazama kutoka chini huona zaidi umbo jeusi dhidi ya anga. Kinachompata ni mwendo. Jamii ya nduaro wana msuli karibu na jicho uliogeuka kuwa kiungo cha kutoa joto, unaopasha macho na ubongo. Majaribio kwa samaki-upanga, ambaye ana kiungo kama hicho, yameonyesha kwamba jicho lenye joto hufuatilia vitu vinavyokwenda kasi vizuri zaidi kuliko lililopoa. Jicho la namna hiyo hulidanganyi kwa rangi nzuri juu ya chambo kinachokwenda vibaya.

Basi kabla ya kutia ndoana, kiburure kitupu kando ya mashua kwa mwendo utakaotumia, ukitazame. Kikijiviringisha, punguza mshazari kwa msasa. Kikikaa chini bila kupanda kuvuta hewa, pandisha ncha ya fimbo au ongeza mwendo kidogo. Kikishakaa sawa, ndoana moja inatosha: ni rahisi kuichomoa kwa samaki utakayemwachia, na hupunguza hatari kwa mkono wa anayeichomoa.