Kompyuta kuukuu: Kagua kwanza, pima kilo baadaye

KATIKA mji wa mpakani kama Tunduma, kila kitu kina bei. Mahindi yana bei, kahawa ya Mbozi ina bei, na chuma chakavu kina bei yake kwa kilo. Kompyuta ya miaka ya 1980 iliyolala stoo ya ofisi, shule au chama cha ushirika nayo huweza kuishia kwenye mizani hiyo hiyo. Plastiki inavunjwa, nyaya zinachomwa ili kupata shaba, na mabaki yanatupwa shimoni.

Je, mwenye mali anapata au anapoteza?

Marekani na Uingereza wapo watu wanaokusanya kompyuta ndogo za mwanzo, wanazitengeneza hadi ziwake tena, kisha wanaandika historia yake. Wengi hufanya hivyo kwa kupenda tu, lakini yapo pia majumba ya makumbusho ya kazi hiyo, kama Computer History Museum la California na Centre for Computing History la Cambridge.

Mfano unaowatia watu tamaa ni Apple-1 ya mwaka 1976. Zilitengenezwa kama 200 tu, zikauzwa Dola 666.66 kila moja. Oktoba 2014, moja inayofanya kazi iliuzwa kwenye mnada mjini New York kwa Dola 905,000. Lakini msomaji asikimbilie stoo bado. Commodore 64 ya mwaka 1982 iliuzwa kwa mamilioni, hivyo bei yake haifiki hata karibu na hapo. Uzee peke yake hauleti bei. Kinacholeta bei ni uhaba, uzima wa kifaa na kumbukumbu zake.

Mlango ulikuwa umefungwa

Hapo kwenye kumbukumbu ndipo Tanzania ina jambo lake. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni bila kibali maalumu. Mwaka uliofuata ikatoka Altair 8800 huko Marekani, na mwaka 1977 zikafuata Apple II, Commodore PET na TRS-80. Yaani kompyuta ndogo zilizaliwa wakati mlango wetu umefungwa.

Kwa hiyo mashine iliyoingia nchini miaka hiyo haikuja kwa bahati. Kuna aliyeiomba, kuna aliyeiruhusu, na kuna kazi iliyokuwa ikiisubiri. Mashine yenyewe inaweza kuwa ya kawaida kabisa London, lakini habari zake ni za hapa kwetu tu, na zikitupwa hazinunuliki tena. Mkulima wa kahawa anaelewa hili: mzigo unaojulikana ulikotoka na ulivyotayarishwa haulingani na mzigo uliochanganywa.

Namna ya kukagua

Usiiwashe kwanza. Kapasita za zamani kwenye sehemu ya kupokea umeme huweza kupasuka na kutoa moshi. Fungua kwa bisibisi, utazame kama kuna betri iliyovuja kwenye bodi, maana maji yake hula njia za shaba. Betri hiyo iondolewe mapema. Kioo cha aina ya televisheni ya zamani usikifungue mwenyewe. Hubaki na umeme mkali hata baada ya kuchomolewa, na ndani yake kuna madini ya risasi. Mwachie fundi.

Kisha andika. Piga picha pande zote, nakili jina, modeli na namba ya kifaa. Kwenye chipu nyingi kuna tarakimu nne: 8224, kwa mfano, kwa kawaida ni wiki ya 24 ya mwaka 1982. Waulize wastaafu ilitumika wapi na kwa kazi gani: mishahara, hesabu za pamba, barua? Tunza vitabu vyake, risiti na diski pamoja nayo, mahali pakavu.

Hesabu kabla ya tamaa

Tuseme umenunua kifaa kwa Sh30,000, usafiri Sh10,000, vipuri Sh25,000 na fundi Sh20,000. Umeshatoa Sh85,000 kabla hujapata mnunuzi, na kumpelekea mzigo aliye ng'ambo ni gharama nyingine. Usitegemee mnunuzi atakuja kugonga mlango. Fedha ya mbolea ibaki ya mbolea, na mkopo usiingie hapa kabisa.

Faida iliyo karibu zaidi ni ujuzi. Kijana anayejifunza kupima umeme na kubadilisha kapasita kwenye mashine ya mwaka 1983, ambayo sehemu zake ni kubwa na zinaonekana kwa macho, anajifunza kazi itakayomfaa kwenye redio, chaja na inveta ya sola ya jirani.

Kuchoma nyaya, kwa upande mwingine, ni hasara ya pande mbili. Shaba inayopatikana ni kidogo, na moshi wake ni sumu kwa anayechoma na kwa wanaokaa karibu.

Kwa mwenye stoo ya chama, shule au ofisi, ushauri ni mfupi. Kabla ya kuita gari la chuma chakavu, tenga nusu siku, daftari na kamera ya simu. Mashine ikionekana haina thamani, mizani bado ipo pale pale. Lakini ikishavunjwa, hakuna anayeweza kuirudisha.